Jinsi ya Kuhamisha Picha na Mafaili Kutoka Tableti Hadi Simu Bila Kuchoma Bando: Tulivyofanya Garsen Maji Yakija

Tuanze na hesabu. Tableti moja, chaji asilimia 31. Picha kama 2,100, video za kutosha, na mto unakuja. Stima hakuna, neti ni mstari mmoja ukisimama juu ya kiti, na bando iliisha asubuhi. Utafanya aje?

Hilo si swali la mtihani. Ni mwisho wa Aprili 2024, kijiji kimoja upande wa mto, si mbali na Garsen. Kama hujui huku, Garsen ni pale unapokutana na barabara ya kutoka Malindi, ile ya Lamu na ile ya kupanda Hola na Garissa. Basi za Mombasa zinasimama Minjila, unashuka, unanunua maji baridi, unatafuta bodaboda. Na Mto Tana ndio bosi wa kila mtu. Huo mto ndio mrefu zaidi Kenya, unatoka huko Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu unatuletea sisi mzigo wote kabla uingie bahari kule Kipini. Masinga ikijaa ikaanza kumwaga, huku chini tunajua. Hayo maji hayafiki siku hiyo hiyo. Yanatupa notisi ya siku kadhaa, na hiyo notisi watu wengi huitumia kubeba godoro, mahindi, mbuzi na sufuria. Tableti inakumbukwa mwisho.

Hiyo tableti ilikuwa ya shangazi. Ilikuwa imetumika na nyumba nzima kwa miaka sita hivi: harusi, watoto wakizaliwa, picha za hati za shamba, cheti cha KCSE cha binamu yangu, na babu. Babu alituacha 2022. Picha zake nyingi ziko humo na hakuna mahali pengine zilikuwa. Skrini ilikuwa na ufa na mahali pa kuchaji palikuwa pamelegea, yaani mpaka ushikilie waya na kidole. Shangazi alinipa akasema, "Mwanangu, toa vya babu yako kwanza, vingine Mungu anajua."

Nitakuchapia vile tulifanya, mahali tulikosea, na vile ungefanya wewe ukiwa na muda. Hata kama uko Umoja au Bamburi na maji unayaona kwa bomba pekee, hii kitu itakufaa siku tableti ya mathe itaanza kuzima yenyewe.

Kwanza jina. Watangazaji wanaiita kishikwambi, neno limetoka upande wa Tanzania na mimi nalipenda, lakini hapa Garsen ukiuliza duka la simu kama wanauza chaja ya kishikwambi utaangaliwa vibaya. Ni tableti. Tuendelee.

Kabla hujaguza kitu

Cheki vitu vitatu. Chaji, nafasi, na idadi.

Chaji unajua. Punguza mwangaza wa skrini mpaka chini, zima data, zima apu zote zinazokula betri nyuma ya pazia. Huku kwetu kuna joto, na kifaa kikipata joto sana kinapunguza kasi chenyewe, wakati mwingine kinakataa hata kuchaji. Kaa kivulini, toa kava.

Nafasi: enda kwa Mipangilio ya simu inayopokea, angalia sehemu ya hifadhi. Kama tableti iko na GB 7 za picha na simu imebaki na GB 3, hakuna uchawi utakaokusaidia, itabidi ufute zile video za TikTok ulizohifadhi ukasema utaangalia baadaye.

Idadi ndiyo wengi wanaruka. Ingia kwa folda, angalia ina vitu vingapi, andika mahali. Folda ya kamera picha 1,640. Folda ya skrinishoti 210. Bila hizo namba hutawahi kujua kama kila kitu kimevuka.

Na swali lingine la haraka: hiyo tableti ni yako? Nauliza juu Kenya iko na tableti nyingi za kazi. Zile za shule zilianza kugawiwa 2016 kwa watoto wa darasa la kwanza. Sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa tableti badala ya makaratasi, na wasee wengi wa mtaani walizishika kwa hizo siku. Kama uko na tableti ya ofisi na ulijipiga selfi kadhaa, chukua selfi zako. Majina na namba za watu wengine uliowaandikisha usiguze, Kenya tuko na sheria ya kulinda data tangu Novemba 2019 na haijali kama ulikuwa unasaidia tu.

Bluetooth: rafiki wa zamani mwenye miguu mizito

Hapa ndipo tulikosea. Binamu yangu, msichana wa Form Three wakati huo, alikuwa na simu ya Android ya kawaida tu. Nikamwambia washa Bluetooth. Si ndiyo tumezoea? Tumetumiana nyimbo nayo tangu primary.

Shida ni kasi. Bluetooth ya kutumana mafaili, kwa hali ya kawaida, inasukuma kama MB 0.2 kwa sekunde. Picha moja ya MB 2 inachukua sekunde kumi. Hiyo si mbaya ukiwa na picha tano. Sasa piga hesabu ya GB 7: ni sekunde 35,000, yaani karibu masaa kumi. Na vifaa vyote viwili viwe vimewaka, vimekaa karibu, na hakuna mtu amepiga simu ikakatiza.

Tulikaa dakika arobaini. Picha 200 na kitu. Binamu akaangalia kona ya skrini akasema, "Kaka, iko 22." Tulichoma asilimia tisa kwa kitu ambacho kingefanywa kwa dakika tatu.

Kwa hivyo Bluetooth iache kwa namba ya simu, picha mbili tatu, ama kifaa cha zamani sana kisicho na njia nyingine.

Quick Share ndiyo ungeanza nayo

Kama tableti na simu zote ni Android, uko na hii kitu tayari na pengine hujawahi kuifungua. Google waliitoa Agosti 2020 ikiitwa Nearby Share. Samsung walikuwa na yao inaitwa Quick Share. Januari 2024 wakatangaza wanaziunganisha, jina likabaki Quick Share. Inafanya kazi kwa Android 6 kwenda juu, bora kifaa kiwe na huduma za Google. Zile Huawei mpya zisizo na Google, hapo hapana, ruka uende kwa njia inayofuata.

Uzuri wake ni hivi: inatumia Bluetooth kutafutana tu, halafu ikishapata mwenzake inahamia waifai ya moja kwa moja kati ya hivyo vifaa viwili. Waifai hapa si intaneti. Ni redio tu, tableti inaongea na simu, hakuna mtandao wa kampuni yoyote katikati, hakuna MB inayokatwa. Unaweza kuifanya katikati ya mbuga na laini haina hata bob.

Fanya hivi. Kwa vifaa vyote viwili washa Bluetooth, washa waifai hata kama haijaunganishwa popote, na washa lokesheni kwa sababu Android za zamani huikataa bila hiyo. Kwa simu inayopokea, vuta skrini kutoka juu, tafuta alama ya Quick Share, bonyeza, uchague ionekane na kila mtu. Hiyo itakaa wazi dakika kumi halafu ijifunge, na ni vizuri hivyo, hutaki msee wa kiti cha nyuma kwa basi akutumie upuzi wake. Kwa tableti, ingia kwa picha, bonyeza moja ukishikilia, chagua zingine, bonyeza kitufe cha Shiriki, chagua Quick Share, subiri jina la simu litokee, libonyeze. Simu itauliza kama unakubali. Kubali. Ukiona mahali pa kuchagua itumie data, waifai ama bila intaneti, chagua bila intaneti.

Usichague picha 2,000 mara moja. Tableti nzee itashikwa na kizunguzungu, itaganda katikati na hutajua ilifika wapi. Tuma 200, subiri, tuma 200 zingine. Inachosha, lakini ikikwama unajua umekwamia wapi.

Kasi inategemea vifaa. Ile yetu, tableti ya kitambo, ilikuwa inapiga kama MB 5 kwa sekunde. Kwa GB 7 hiyo ni dakika 23 ama 24, ukiongeza na muda wa kuchagua chagua inafika kama nusu saa. Linganisha na masaa kumi. Simu mpya mbili zinaweza kuenda mbio kuliko hapo mara kadhaa.

Mafaili yakifika yanaingia kwa folda ya Downloads, mara nyingi ndani ya folda ndogo yenye jina la Quick Share. Watu hufungua galari, wanaangalia albamu ya kamera, hawaoni kitu, wanapiga nduru ati zimepotea. Hazijapotea. Cheki albamu zingine.

Hotspoti bila bando

Kuna watu hawajui hii na huwa wanashtuka. Unaweza kuwasha hotspoti kwa simu ambayo haina hata KB moja. Hotspoti ni waifai tu inayotoka kwa simu yako. Tableti ikiingia hapo, vifaa viwili viko kwa nyumba moja na vinaweza kuongea, intaneti iwepo isiwepo.

Apu ninayopenda kwa hii inaitwa LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na iko kwa Android, iPhone, iPad, hata kompyuta. Unaiweka kwa vifaa vyote viwili, unawasha hotspoti kwa simu, unazima data, unaingiza tableti kwa hiyo hotspoti, unafungua apu pande zote, vinaonana, unatuma. Uzuri mwingine, inakubali utume folda nzima, si lazima uchague picha moja moja. Hapo inashinda Quick Share, kwa maoni yangu.

Tatizo ni moja tu: lazima uwe umeiweka mapema. Sisi hatukuwa nayo. Kwa hivyo ukiwa kwa waifai ya cyber ama ya jirani leo, iweke. Haikuli nafasi kubwa.

Na zile za kitambo, Xender na SHAREit? Najua. Sisi wote tulikulia hapo, filamu nzima zimezunguka bweni kwa Xender. Lakini ujue zote mbili zilikuwa kwa orodha ya apu 59 ambazo serikali ya India ilipiga marufuku Juni 2020, na Februari 2021 watu wa usalama wa Trend Micro walitangaza wamepata mashimo kwa SHAREit ya Android ambayo mtu mbaya angeweza kutumia kusoma vitu vyako. Kampuni ilisema imeziba. Ukitaka kutumia, ni simu yako. Mimi niliitoa, hata kwa sababu ya matangazo peke yake, maana unabonyeza kutuma picha unajikuta unapakua gemu.

Waya na kadi

Kama tableti iko na mdomo wa Type-C na simu pia, na uko na waya wa Type-C pande zote mbili, chomeka. Vuta skrini ya tableti kutoka juu, utaona taarifa inasema inachaji kwa USB. Ibonyeze, chagua kuhamisha mafaili. Kwa simu fungua apu ya Mafaili, tableti itaonekana kama kifaa kimechomekwa. Nakili, bandika, maliza.

Tableti za zamani ziko na mdomo mdogo wa micro-USB. Hapo unahitaji kadude kanaitwa OTG, adapta ndogo ambayo maduka mengi ya simu hayakosi. OTG unaichomeka kwa ile simu, halafu waya wa kawaida wa tableti unaingia kwa OTG. Angalia kitu kimoja: simu ndiyo sasa inakuwa kama kompyuta, na itaanza kuichaji tableti. Kwa hivyo simu yenyewe iwe imeshiba.

Kama mahali pa kuchomeka pa tableti pamelegea kama pa shangazi, sahau waya. Kila ukikohoa unaanza upya.

Memori kadi ni njia tamu kama tableti na simu zote ziko na nafasi yake. Nakili kwa kadi, toa, hamisha. Ila kuna mitego mitatu. Moja, kama kadi ilipangwa kuwa hifadhi ya ndani ya tableti, imefungwa kwa kufuli ya hiyo tableti pekee. Ukiitia kwa simu itakuambia kadi ni mbovu na itakuomba uifute. Usikubali! Irudishe ulikoitoa. Mbili, kadi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hivyo ile video ya harusi ya masaa mawili itakataa na hutaambiwa vizuri kwa nini. Tatu, kadi feki. Imeandikwa 512, bei ya chapati, ndani ni GB 8. Itapokea mafaili yako kwa furaha halafu iandike mapya juu ya yale ya kwanza. Kabla ya kuamini kadi, ijaze, halafu fungua picha ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa. Zikifunguka zote, sawa.

WhatsApp inakula picha

Najua utasema "si nitajitumia tu kwa WhatsApp." Kwa picha ya chakula, tuma. Kwa picha ya babu, hapana. WhatsApp inabana picha ili isafiri haraka, na ile habari ya ndani ya picha, tarehe ilipopigwa na mahali, inaondolewa. Miaka kumi ijayo unakuta picha imeandikwa ilipigwa siku uliyoitumana.

Kuna kitufe cha HD tangu Agosti 2023, kinasaidia kiasi. Lakini ukitaka ifike vile ilivyo, bonyeza alama ya kipini, chagua Hati badala ya Galari, halafu utafute picha yako humo. Ikienda kama hati haibanwi na tarehe yake inabaki. Faili moja linaweza kufika GB 2. Bando ni yako.

Hili ni la maana zaidi kwa picha za ushahidi. Baada ya maji, watu huku walipiga picha za nyumba zilizobomoka na mashamba yaliyozama ili wakija kuulizwa waonyeshe. Picha ambayo imepita kwa magrupu kumi haina tarehe na haisomeki ikikuzwa. Weka ile ya kwanza kabisa, ile ya kamera, usitume na kufuta.

Google Photos na mambo ya mawingu

Ukiwa na waifai ya bure, hii ni sawa. Ingia kwa akaunti moja ya Google kwa vifaa vyote, washa kuhifadhi, subiri. Lakini tangu 1 Juni 2021 hakuna tena nafasi bila kikomo. Uko na GB 15, na hizo unagawana na barua pepe zako na Drive.

Mtego wake huwa unaumiza watu wazuri. Ukifungua Google Photos kwa simu unaona picha zote za tableti, unafurahi, unasema zimehama. Hazijahama. Unachoona ni kivuli kidogo, picha yenyewe iko kwa seva. Zima data uone kama itafunguka vizuri. Na ukizifuta ndani ya hiyo apu kwa tableti, zinafutika kwa akaunti, maana yake zinatoka kila mahali uliko na hiyo akaunti. Ukitaka kusafisha tableti tu, kuna chaguo la kufuta kutoka kwa kifaa pekee, tumia hilo. Ukishateleza, usilie kwanza. Kuna pipa la taka: siku 60 kwa picha zilizokuwa zimehifadhiwa, siku 30 kwa ambazo hazikuwa.

Mwenye iPad na simu ya Android, nakupa pole kidogo. AirDrop ni ya ukoo wa Apple na simu nyingi za Android haziijui. LocalSend ndiyo dawa yako. Na kama picha zikifika simu yako inasema haijui aina hiyo ya faili, ni HEIC, muundo wa Apple ambao Android za kabla ya 9 hazifungui. Kwa iPad ingia kwa mipangilio ya kamera uchague muundo unaokubalika zaidi, angalau za mbele zitapigwa kwa JPEG.

Folda ambazo huwa tunasahau

Turudi kijijini. Asilimia 22. Tuliachana na Bluetooth, tukawasha Quick Share, tukatuma picha kwa mafungu ya 200. Shangazi alikuwa nje na mzee jirani wakifunga kuku miguu. Kila fungu likimaliza binamu anasema namba kwa sauti. Ilipofika asilimia 9 folda ya kamera ilikuwa imevuka yote. Tukachukua zile za hati. Asilimia 6, video za harusi. Asilimia 4 ikazima. Tulijua tumeshinda. Usiku huo tulihamia sehemu ya juu na wengine. Tableti ilibaki ndani ya kikapu cha nguo, kikapu kikabaki kwa nyumba kwa safari ya pili, na safari ya pili haikuwepo.

Wiki mbili baadaye, tukiwa bado kwa hema, shangazi akauliza, "Na ile sauti ya babu?"

Babu alikuwa amerekodiwa. Mwaka mmoja kabla hajafa, binamu alimwekea tableti mbele akamwambia asimulie mafuriko ya 1961, yale makubwa wazee wa Tana huhesabia umri nayo. Alikuwa kijana wakati huo. Rekodi tatu. Na sisi tulifungua galari. Galari inaonyesha picha na video tu. Sauti haionyeshi.

Kwa hivyo hii ndiyo sehemu ya makala haya ningetaka uisome mara mbili. Usihamishe kutoka galari. Fungua apu ya Mafaili, ingia kwa hifadhi ya ndani, na upitie folda moja moja. DCIM ndiyo kamera. Pictures iko na skrinishoti na picha za apu zingine. Download iko na PDF zako, barua ya kazi, matokeo, risiti. Rekodi za sauti huwa kwa Recordings, ama kwa tableti za zamani folda yenye jina la apu ya kurekodi. Za WhatsApp, kwa Android 11 kwenda juu, zimefichwa ndani: fungua Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp, kisha Media. Humo utapata hata sauti mlizotumiana, zimepangwa kwa folda zenye namba za wiki. Namba za simu ziko kwa apu ya Anwani, kuna mahali pa kuzitoa zote kama faili moja. Na maandishi ya kwenye daftari la simu, zile noti, huwa hayana faili kabisa. Ukikosa njia ya kuyatoa, yapige skrinishoti.

Tableti tuliipata maji yalipopungua, imejaa matope. Niliipeleka Malindi kwa fundi. Aliifungua, akaisafisha kwa spiriti, akaweka chaji, hakuna kitu. Nikamuuliza kama anaweza kutoa memori tu, kama vile unatoa kadi. Akacheka kwa upole. Hifadhi ya ndani imechomelewa kwa bodi, na Android za miaka hii zinafunga data kwa siri ambayo funguo yake iko kwa bodi hiyo hiyo. Bodi ikifa, hata ukitoa chipu unasoma takataka. Kwa hivyo ukiambiwa na mtu atakutolea picha zako kwa ngiri tano kutoka kwa tableti iliyokufa kabisa, uliza kwanza atafanyaje, na usilipe mapema.

Ukimaliza, usifute bado

Rudi kwa zile namba ulizoandika mwanzo. Folda ya kamera ilikuwa 1,640, upande wa pili ni ngapi? Ikiwa 1,612, kuna 28 zimebaki njiani. Fungua picha kadhaa bila mpangilio, moja ya juu, moja ya katikati, ya mwisho. Cheza video mpaka mwisho, maana video iliyokatika huanza vizuri halafu inaganda. Kaa na nakala mbili kwa wiki moja hivi. Halafu tafuta mahali pa tatu: kadi, fleshi, ama simu ya ndugu aliye mbali na mto huo wako. Simu yangu na tableti ya shangazi zikiwa kwa kikapu kimoja hizo ni nakala moja.

Kama unauza hiyo tableti, toa kwanza akaunti ya Google kwa mipangilio, ndiyo ufute kila kitu kurudi kama mpya. Ukiruka hiyo hatua, mnunuzi ataambiwa aingize nywila yako, na atakupigia simu saa nne usiku. Nywila usimpe, mrudie mtoe pamoja.

Kuhusu picha za kitambulisho na hati za shamba: ndiyo, weka nakala, huku kwetu karatasi hulowa. Lakini zisikae wazi kwa galari ya simu ambayo kila mtoto wa nyumba anajua nambari yake. Apu ya Files ya Google iko na folda ya kufunga kwa PIN. Ziweke humo, na PIN iandike mahali pakavu.

Rekodi za babu, mbili tumezipata. Moja binamu alikuwa ameituma kwa ami yetu Mombasa siku ile ile aliyoirekodi. Nyingine ilikuwa kwa simu ya mwalimu wake, aliipeleka kwa somo la insha. Ya tatu ndiyo ile anaeleza walivyovuka usiku na nani alikuwa anapiga kasia. Hiyo bado tunaulizia. Kama babu yako ama ami yako alikuwa kwa lile grupu la ukoo 2021, fungua folda ya WhatsApp Audio, angalia mafaili ya mwaka huo. Ni ya dakika 11, na inaanza na jogoo akiwika.